Jokofu Likiwa Singida, Msimamizi Wake Akiwa Dar es Salaam

Kusimamia joto la jokofu kutoka mbali ni utaratibu ambao kihisi, yaani kifaa kidogo kinachobadili hali ya joto kuwa alama ya umeme inayoweza kuhesabiwa, huwekwa ndani ya jokofu au friza, kisha vipimo vyake husafirishwa kwa mtandao wa simu hadi kwa mtu asiyekuwapo mahali jokofu lilipo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya maabara, ya viwanda vya nyama na maziwa, na ya bohari za dawa; siku hizi imeingia majumbani, kwa sababu bei ya vihisi imeshuka na kwa sababu simu ya mkononi imefika hata kwa bibi aliyeko kijijini. Mkoa wa Singida unafaa sana kwa mjadala wa jambo hili, kwa kuwa watu wake wengi huishi Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza huku nyumba zao, wazazi wao na mali zao nyingine zikibaki Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni au mjini Singida penyewe. Mazungumzo haya yanashikilia kwamba swali la kwanza si la kifaa gani kinunuliwe, bali ni la nani, aliye jirani na jokofu, atakayepokea taarifa na kuifanyia kazi.

Jokofu la nyumba ya Singida halihifadhi kitoweo cha jioni peke yake. Katika kaya nyingi friza ni mtaji: ndani yake hugandishwa barafu za ubuyu na ukwaju zinazouzwa kwa watoto wa shule, maji ya mifuko, na juisi za dukani. Humo pia huwekwa kuku wa kienyeji waliokwisha kuchinjwa, bidhaa ambayo imeupa mkoa huu jina kiasi kwamba abiria wa njia ya Dodoma na Mwanza huitazamia njiani, pamoja na samaki wa Ziwa Singidani na Ziwa Kitangiri, na maziwa yanayosubiri mnunuzi. Katika rafu ya mlango, mara nyingine bila mgeni kujua, huwa mna kichupa cha insulini cha mgonjwa wa kisukari au chanjo ya kuku iliyonunuliwa duka la dawa za mifugo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina joto lake, na kila kimoja huharibika kwa namna yake.

Mipaka inayotambuliwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni michache na inafaa kukumbukwa. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au kiwe cha moto kupita nyuzi 60, kwa kuwa kati ya mipaka hiyo bakteria huongezeka kwa kasi. Friza ya nyumbani hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, joto ambalo husimamisha kuzaliana kwa bakteria bila kuwaua walio wengi, na ndiyo maana nyama iliyoyeyuka hurudia kuwa makazi yao papo hapo, hata kama ilikuwa imegandishwa kwa miezi. Chanjo nyingi na insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8, yaani zisipate joto na wala zisigande. Sharti hilo la pili husahauliwa na wengi, nalo litarejewa hapa baadaye kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililobadili fikra za wasimamizi wa chanjo duniani.

Hali ya hewa ya Singida ina sura mbili mbele ya jokofu. Mji wa Singida uko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za kati zenye ukame, mvua za msimu mmoja na upepo mwingi, upepo ambao umewafanya wawekezaji wautazame mkoa huu kama mahali pa kuzalisha umeme. Hewa kavu na upepo ndivyo vilivyoufanya mtungi wa udongo uwe jokofu la kwanza la nyumba hizi: maji yanayopenya kwenye kuta za mtungi hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi hupoza vizuri zaidi mahali penye ukavu kuliko pwani, ambako hewa imejaa unyevu na haina nafasi ya kupokea mwingine. Hata hivyo, mtungi hauwezi kushuka hadi nyuzi 5, wala haugandishi chochote, na kwa hiyo umeme ulipofika, nafasi yake ilichukuliwa na kompresa.

Kuhusu umeme huo, pana jambo la kushangaza kidogo. Singida ni mojawapo ya vituo vikubwa vya Gridi ya Taifa: njia ya msongo wa kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, hupita hapo, na ndipo pia inapoanzia njia ya kwenda Arusha na Namanga inayoiunganisha Tanzania na Kenya. Mkazi anaweza kudhani kwamba kuishi chini ya nyaya za aina hiyo ni kinga dhidi ya giza. Sivyo ilivyo, kwa kuwa kukatika kwingi kwa umeme majumbani hutokana na njia ndogo za usambazaji, ambako nguzo huanguka, tawi hugusa waya, transfoma huungua au upepo hugonganisha nyaya, wakati njia kuu ikiendelea na safari yake bila taabu. Upungufu wa uzalishaji nao umekuwa na nyakati zake. Mgao uliosumbua nchi mwishoni mwa mwaka 2023 ulianza kupungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235 kati ya 2,115 zilizopangwa, kuanza kuzalisha mwezi Februari 2024. Uzalishaji ukiongezeka mgao huisha, lakini tawi la mti halijui habari za megawati.

Chimbuko la usimamizi wa joto kutoka mbali katika vijiji vya Tanzania haliko katika jikoni la nyumba. Liko katika chumba cha chanjo cha zahanati. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na tangu hapo ulilazimika kujenga mnyororo baridi, yaani mfululizo wa vyumba vya ubaridi, majokofu, masanduku na vibebeo vinavyoifikisha chanjo kwa mtoto bila joto lake kutoka nje ya mipaka. Zahanati nyingi hazikuwa na umeme, hivyo zilitumia majokofu ya mafuta ya taa au ya gesi, ambayo hupoza kwa mwali wa moto badala ya kompresa, kwa kufuata ubunifu wa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, wa mwaka 1922. Mhudumu alitakiwa kusoma kipimajoto mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kuandika katika karatasi iliyobandikwa mlangoni. Karatasi hiyo ilikuwa na udhaifu unaojulikana na kila mkaguzi: haikuona usiku, haikuona Jumapili, na mara nyingine ilijazwa wiki nzima kwa kalamu moja na kwa mkupuo mmoja.

Maarifa mawili yalifuata. La kwanza ni alama ndogo inayobandikwa kwenye chupa ya chanjo, yenye duara na mraba ndani yake, ambapo mraba hubadilika rangi polepole kadiri chupa inavyokaa kwenye joto. Alama hizo zilianza kutumika mwaka 1996 kwa chanjo ya polio ya matone, na mhudumu aliye mbali na maabara yoyote akapata uwezo wa kujua kama chupa aliyoishika bado inafaa. Alama hiyo hushuhudia joto tu. Chanjo ikiganda na kuyeyuka, mraba haubadiliki kitu. La pili ni vipimajoto vya kielektroniki vinavyohifadhi kumbukumbu za siku 30, ambavyo vilipoanza kusomwa kwa makini katika nchi nyingi vilionyesha kwamba kuganda kulikuwa tatizo kubwa kuliko ilivyofikiriwa. Chanjo za pepopunda, homa ya ini aina ya B, pentavalenti na HPV zina chumvi za aluminiamu ambazo chembe zake hushikamana zikiganda, na baada ya hapo kinga yake hupungua bila sura ya chupa kutoa habari ya wazi. Kwa miaka mingi wahudumu walifundishwa kuogopa joto, wakasogeza chupa karibu na barafu, na kwa kufanya hivyo wakaziharibu kwa baridi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuunganisha kipimajoto na simu. Miongoni mwa mifumo ya namna hiyo ni ColdTrace, uliobuniwa na shirika lisilo la kibiashara la Nexleaf Analytics la Marekani na kutumika Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika na Asia: vihisi huwekwa ndani ya jokofu la chanjo, kifaa chenye laini ya simu hutuma vipimo, na joto likivuka mpaka, ujumbe hufika kwa mhudumu wa kituo na kwa wakubwa wake wa wilaya. Somo kubwa la mifumo hii halikuwa la kiufundi. Ujumbe uliofika kwa mratibu asiye na gari, asiye na fundi na asiye na jokofu la akiba ulibaki kuwa habari ya hasara tu, ilhali ujumbe uleule, ulipofika kwa mhudumu aliyekwisha kuelekezwa nini cha kufanya na chupa ziende wapi, uliokoa chanjo. Kwa maneno mengine, kasi ya habari haina faida inapoizidi sana kasi ya miguu.

Somo hilo ndilo linalopaswa kuhamishiwa nyumbani, pamoja na mengine ya kiufundi ambayo mnunuzi wa kifaa hukutana nayo siku ya kwanza. Kihisi kinachotumiwa sana na mafundi wa kielektroniki ni DS18B20, kilichofunikwa kwa kifuko cha chuma kisichoingiza maji na chenye waya mwembamba unaoweza kupita kati ya mpira wa mlango na fremu bila kuacha pengo kubwa. Kosa lake halizidi nusu ya nyuzi moja katika joto la kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 85 juu yake. Nje ya mipaka hiyo usahihi hupungua, jambo linaloigusa friza lakini si kwa kiasi cha kupotosha uamuzi. Kukikagua ni rahisi: barafu iliyosagwa huchanganywa na maji kidogo, kihisi hutumbukizwa humo, na baada ya dakika chache hutakiwa kusoma sifuri. Wako wanaopenda kukagua kwa maji yanayochemka wakitarajia nyuzi 100, na kwa Singida njia hiyo inapotosha, kwa kuwa katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wakati barafu huyeyuka kwenye sifuri ileile kama pwani.

Mahali pa kukiweka kihisi ni jambo zito kuliko aina yake. Kihisi kilichoachwa hewani ndani ya jokofu husoma hewa, na hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Dakika mbili za kutafuta nyanya zinatosha kuipandisha juu ya nyuzi 10 ingawa nyama iliyoko rafu ya chini haijahisi lolote. Kwa sababu hiyo, katika majokofu ya dawa kihisi hutumbukizwa ndani ya chupa ndogo ya kimiminika kisichoganda kirahisi, na nyumbani chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa hutosha kwa sehemu ya ubaridi, ili kinachosomwa kifanane na joto la chakula badala ya joto la upepo wa mlangoni. Anayepuuza jambo hili hupokea ujumbe wa hatari mara nyingi kwa siku, huuzoea, na mwishowe huuzima. Na kifaa kilichozimwa kwa sababu ya kelele zake ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa, kwa kuwa mwenye nyumba huendelea kuamini kwamba analindwa. Ni busara zaidi kifaa kisubiri, kwa mfano, nusu saa ya joto kubwa mfululizo kabla ya kumsumbua mtu.

Kisha kuna suala la mawasiliano, ambamo vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya hushindwa vinapofika Ikungi. Kifaa kisichotumia waya kinachowekwa chote ndani ya friza hukumbana na sanduku la chuma linalodhoofisha mawimbi ya redio, na betri zake hupoteza nguvu kwa baridi kali. Ndiyo sababu waya unaopita mlangoni, ukiiacha sehemu ya kutuma nje, hubaki kuwa mpango bora. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba vifaa hivyo hutegemea kisambaza intaneti cha nyumbani, nacho huzimika pamoja na jokofu umeme unapokatika. Hivyo kifaa hutoa taarifa kwa uaminifu wakati wote ambao hakuna tatizo, na hunyamaza saa ile ambayo kilinunuliwa kwa ajili yake.

Dawa ya kasoro hiyo ina sehemu mbili. Kwanza, kifaa kiwe na betri yake na laini yake ya simu, kwa kuwa minara mingi ya simu ina betri au jenereta na huendelea kufanya kazi kwa muda baada ya mtaa kuingia gizani. Pili, kimya chenyewe kihesabiwe kuwa habari. Kifaa hupangwa kutuma ujumbe mfupi wa kueleza kwamba kiko hai, tuseme kila baada ya saa 6, na msimamizi aliyeko mbali hujua kwamba ujumbe usipofika kwa wakati wake, jambo fulani limetokea: betri imekwisha, laini haina salio, mnara umezimika, au kifaa kimechomolewa na mtoto aliyetaka kuchaji simu. Utaratibu huu hauhitaji elimu kubwa wala gharama kubwa, na bado ni nadra kuuona ukielezwa katika maboksi ya vifaa vinavyouzwa madukani.

Nchini Tanzania kuna sababu nyingine ya jokofu kuzimika, isiyohusu nguzo wala upepo, nayo ni kwisha kwa uniti za LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Katika hali hii usimamizi kutoka mbali huonyesha faida yake yote, maana kijana aliyeko Dar es Salaam anaweza kupata taarifa kwamba friza ya mama yake Kiomboi inapanda joto, akampigia jirani na kuambiwa kwamba mtaa mzima una taa isipokuwa nyumba hiyo, akanunua umeme kwa simu na kutuma tokeni yenye tarakimu 20. Kazi iliyobaki ni ya kidole: mtu fulani aingize tarakimu hizo kwenye mita. Ikiwa mama amesafiri na chumba chenye mita au kifaa cha kuingizia namba kimefungwa, na ufunguo hauko kwa mtu yeyote wa jirani, basi mnara, kihisi, betri, benki ya simu na mapenzi ya mtoto vyote vimekutana mbele ya kufuli. Kwa hiyo familia inayofikiria kununua kifaa hiki ingefaa kwanza iamue ufunguo wa pili utakaa kwa nani, na huyo mtu aelekezwe: nyama ihamishiwe wapi, mlango usifunguliwe ovyo, na nani apigiwe simu akiwa na shaka.

Kipupwe cha Singida huleta hitilafu ambayo wengi huitafsiri vibaya. Majokofu mengi ya nyumbani yana sehemu ya ubaridi na sehemu ya kugandisha, lakini yana kompresa moja na swichi moja ya joto, nayo swichi hiyo husoma sehemu ya ubaridi tu. Usiku wa Juni na Julai, wakati joto la jikoni lisilo na dari hushuka hadi karibu na nyuzi 15, sehemu ya ubaridi hubaki baridi yenyewe kwa muda mrefu, swichi haioni sababu ya kuwasha kompresa, na sehemu ya kugandisha, ambayo haina msemaji, huanza kupanda joto polepole. Watengenezaji hueleza jambo hili kwa herufi zilizoandikwa kwenye kibandiko cha ndani: jokofu lenye herufi N limekusudiwa vyumba vya nyuzi 16 hadi 32, na lenye herufi T vyumba vya nyuzi 16 hadi 43. Mwenye nyumba anayeona aisikrimu imelegea wakati wa baridi humwita fundi aongeze gesi, fundi huongeza, na tatizo humalizika mwezi Septemba, si kwa sababu ya gesi bali kwa sababu ya msimu. Grafu ya joto iliyosomwa kutoka mbali, hasa ikiwa na kihisi kimoja katika kila sehemu na cha tatu cha chumba, hufichua mchezo huu wote kwa siku chache na huokoa fedha ya gesi isiyohitajika.

Insulini inastahili maelezo yake. Mgonjwa anayeogopa joto huiweka mahali penye baridi zaidi, mara nyingi ikigusa ukuta wa nyuma au chini ya kisanduku cha barafu, na hapo huweza kuganda. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa upande wa joto, hali si ya kutisha kama inavyodhaniwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto katika nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaiiga hali hiyo maabara kwa muda wa wiki 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini zilizopimwa zilibaki na nguvu sawa na zilizokaa kwenye ubaridi. Maelekezo ya daktari na ya kibandiko cha dawa ndiyo yanayobaki kufuatwa, ila habari hiyo inafaa kumwondolea mgonjwa wa Mkalama hofu ya saa chache za giza, na kumpa hofu yenye manufaa zaidi, ile ya kisanduku cha barafu.

Chanjo ya kuku nayo ina hadithi inayokaribia hiyo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na kinga yake inayotumika sana vijijini ni chanjo aina ya I-2, ambayo asili yake ni utafiti uliofanywa Australia na ambayo hutengenezwa nchini katika kituo cha Kibaha cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kwa jina la TEMEVAC. I-2 ilichaguliwa kwa ajili ya vijiji kwa sababu hustahimili joto kwa muda kuliko chanjo nyingi za zamani za ugonjwa huo, lakini kustahimili si kutodhurika, na kichupa kilichosahauliwa ndani ya jokofu lisilo na umeme kwa muda mrefu humpa mfugaji tone la jicho lisilo na kinga. Mkoa unaojulikana kwa kuku una sababu ya kuyapima majokofu ya maduka ya dawa za mifugo kabla ya kuyapima ya majumbani, na ikiwa fedha ya vifaa ni kidogo, hapo ndipo ingeanzia.

Taarifa ikishafika na umeme ukiwa umekatika, hesabu ni hizi. Jokofu lililofungwa huhifadhi chakula chake salama kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hudumu karibu saa 48 na iliyojaa nusu karibu saa 24, ilimradi mlango haufunguliwi. Tofauti hiyo hutokana na barafu: kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya joto la kilojuli 334, sawasawa na lile ambalo lingepandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 80 hivi, na ndiyo sababu nafasi tupu ya friza inafaa kujazwa chupa za maji. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani yake, au haijapita nyuzi 5, inaweza kugandishwa tena, ingawa ladha hupungua. Kwa asiye na uwezo wa kununua kihisi, kikombe cha maji yaliyogandishwa na sarafu ya shilingi 200 juu yake hutoa ushahidi baada ya tukio: sarafu ikikutwa imezama chini ya barafu, friza iliyeyuka na kuganda upya wakati wenyeji hawapo. Sarafu haisemi ni lini, wala haimwiti mtu, lakini haihitaji bando.

Umeme unaporudi, huja mara nyingine na msukosuko wa volti, na kompresa inayolazimishwa kuwaka mara tu baada ya kuzimika huanza kazi shinikizo la gesi likiwa bado halijasawazika katika mabomba yake. Kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache na kuukata unapokuwa mdogo au mkubwa kupita kiasi, hugharimu kidogo na huokoa injini; katika orodha ya manunuzi ya nyumba ya Singida kingetangulia kihisi chochote.

Grafu ya miezi kadhaa ina matumizi ambayo ujumbe wa dharura hauna. Kompresa inayofanya kazi muda mrefu zaidi kila wiki ili kupata baridi ileile husema kwamba gesi inavuja, au mpira wa mlango umelegea, au vumbi la kiangazi limefunika mabomba ya nyuma. Grafu hiyohiyo huonyesha pia kila saa ambayo mlango umefunguliwa, na hapa usimamizi wa chakula hugeuka kwa urahisi kuwa usimamizi wa mtu: mama mzazi wa Ilongero anayeulizwa kwa simu kwa nini jokofu lilifunguliwa saa 8 usiku ana haki ya kukasirika, na ana haki zaidi ya kuambiwa mapema kifaa kile kinaona nini. Vifaa vingi vya dukani hupeleka kumbukumbu hizo kwenye kompyuta za kampuni zilizo nje ya nchi kabla hazijarudi kwenye simu ya mwanawe. Kifaa kinachotuma ujumbe mfupi wa kawaida, kutoka laini moja hadi nyingine, hakipitishi kumbukumbu hizo kwa kampuni ya kifaa, na hufanya kazi hata katika simu ya vitufe ya jirani mwenye ufunguo.